Nilivyobeba Moto Kutoka Kitanga hadi Busunzu

Jirani zangu, na nyinyi wa kikundi chetu cha kushona, mmeniuliza mara nyingi kwa nini tangu nirudi safari jikoni kwangu hakuna kiberiti, na kwa nini kila asubuhi nafukua majivu kama kuku. Nimewajibu mafupi mafupi, na majibu mafupi yamezaa uvumi. Wapo wanaosema nimeingia dhehebu jipya. Mama Anastazia amesema nabana matumizi. Basi nakaa niandike yote, atakayetaka asome. Habari za vibali na nauli naziruka kwa sababu hazina ladha.

Mnamfahamu shangazi yangu Marita, dada wa marehemu baba, yule anayeishi Busunzu kwa mwanawe. Yeye na baba walivuka mpaka kutoka Burundi wangali vijana, wakafikia Kitanga, na hapo ndipo shangazi alipoingia katika kundi la wanawake wanaosali jikoni. Wanawake hao wana imani yao moja. Wanasema ule moto uliowashukia waumini wa kwanza, walipokuwa wamejifungia chumbani kwa woga, haukuzimika hata siku moja. Ulihama tu, mkono kwa mkono, mpaka ukafika kwenye mafiga yao. Ndiyo maana hawawashi jiko kwa kiberiti. Ukizimikiwa unaomba kaa la moto kwa mwenzako, naye anapokupa anakutajia majina ya waliompa yeye. Ukikaa kusali kwenye moto huo, waumini wa kwanza wanakaa nawe, bega kwa bega.

Shangazi huwaongelea watu hao kama majirani wa nyumba ya tatu. Kwa kuwa mimi ni mshonaji, kila tukionana huniambia kuwa yule mwanamke wa zamani aliyekuwa akiwashonea wajane kanisalimia. Nilikuwa nikiitikia kwa adabu na kuendelea na yangu. Mimi ni Mkristo wa Jumapili na cherehani. Siku moja nilimwambia moto ule haukuwa wa kupikia maharage, akanijibu, "Wewe unajuaje? Walikuwa hawali?"

Mwaka huu shangazi alilazwa Kibondo kwa ajili ya macho. Mkwe wake aliyebaki nyumbani akaacha jiko lizimike, akaliwasha kwa kiberiti kama watu wote. Shangazi aliporudi hakugomba. Alihamisha tu kigoda chake kutoka jikoni, akawa anakaa barazani. Kisha akanitumia ujumbe kwa mdomo wa mtu: "Mwambie binti wa kaka yangu aniletee moto wa Kitanga kabla ya mkesha wa Pasaka. Nasali, lakini ni kama nimesahaulika katika nyumba tupu. Nikifa kwenye moto wa kiberiti nitafika kule nikiwa mgeni asiyejulikana katoka kwa nani."

Ningeweza kukataa. Lakini baba hayupo, na kwetu anayebeba mzigo wa baba kwa shangazi ni mtoto wa baba.

Kasulu hadi Kitanga

Katikati ya Juma Kuu nilipanda nyuma ya pikapu iliyokuwa ikipeleka mabati, nikashuka ilipokwama kwenye matope, nikamalizia kwa miguu. Mvua za masika zilikuwa zimeharibu njia vibaya. Nilifika Kitanga na matope hadi magotini, nikaelekezwa kwa Bibi Yustina, ambaye sasa ndiye mkubwa wa lile kundi.

Nilitegemea kumkuta mtu mzito, wa kuongea na kufumba macho. Nilimkuta anafukuza mbuzi kwenye muhogo wake ulioanikwa, kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Alinisalimia "Mwakeye" mara nyingi, akinishika mikono yote miwili, akaniuliza habari za kila mtu wa ukoo mpaka wale waliokufa. Tukala ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa mawese. Nilipotaka kueleza kilichonileta, alisema moto hauombwi na mtu mwenye njaa, kwani ataubeba vibaya.

Baada ya kula alinipa kazi. Alinifundisha kutandika majivu kwenye chungu, kuweka kinyesi kikavu cha ng'ombe ambacho huungua taratibu, kulaza makaa juu yake, kuyafunika kwa majivu na kuacha tundu dogo la kupumua. Kila nikipumzika niongeze gunzi la muhindi. Nilirudia mpaka akaridhika. Ndipo akapiga magoti, akalichukua kaa kwa vidole vyake mwenyewe, vidole vilivyokomaa visivyosikia moto, akaliweka akisema:

"Mimi Yustina nilipewa na Pelajia. Turi kumwe."

Maana yake, tuko pamoja. Niliitikia, "Turi kumwe."

"Pelajia alipewa na Skolastika, aliyeuvusha mpakani ndani ya chungu. Turi kumwe. Skolastika alipewa na mama mkwe wake. Na huyo alipewa na mtu ambaye jina lake Mungu analo."

Hapo akainua kichwa, kama mtu anayesikiliza hodi, kisha akaendelea, mtu ambaye jina lake Mungu analo, na mwingine, na mwingine, mpaka akafika kwa wale waliokuwa chumbani. Mgongo ulianza kuniuma, nikawa nawaza basi la kesho. Nawaambia ukweli, sikuhisi chochote isipokuwa moshi machoni.

Wakati wa kuagana aliniambia mambo mawili. Kwanza, nitakayemkabidhi nimwambie nimepewa na nani, bila kuruka mtu. Pili, mtu akiniomba moto njiani nisimnyime. Nikasema, "Bibi, kaa lenyewe ni moja na nusu." Akasema, "Hata hivyo."

Kitanga hadi Rungwe Mpya

Kurudi Kasulu kulikuwa kwepesi. Nilipakiwa kwenye baiskeli ya mjukuu wa Bibi Yustina, mtu mzima mwenye familia yake, chungu nimekipakata kama mtoto mchanga. Balaa lilianzia mjini, nilipopata lori la kwenda Kibondo. Lilikuwa limebeba chumvi, sabuni, abiria na pipa la dizeli. Pipa sikuliona. Nilikaa nyuma kabisa juu ya gunia la chumvi, nikafunika chungu kwa kanga, nikajiona mjanja.

Tulipoacha barabara kubwa kwenda kupakia maharage Rungwe Mpya, dereva alianza kusikia harufu ya kuungua. Akasimama, akafungua boneti, akachungulia, akafunga. Tukaenda kidogo, harufu ikarudi. Akasimama tena, akaingia chini ya gari na nguo zake safi. Utingo akatumwa kuchota maji bondeni. Abiria wakaanza kutoa ushauri: mmoja akasema ni breki, mwingine akasema ni waya, mzee mmoja akasema tangu asubuhi gari lilikuwa likikohoa. Mimi nilikuwa najua ugonjwa wa gari lile, nimeukalia karibu, na ulimi umekuwa mzito. Nilijiambia wataona hakuna kitu, tutaondoka.

Aliyenifichua ni fundi mwashi mmoja Mkongomani aliyekuwa akirudi kambi ya wakimbizi. Aliona kanga yangu inafuka.

"Mama, ni nini unafunika pale? Vraiment, kweli unabeba moto ndani ya camion? Unataka kutuunguza siye bote?"

Dereva alitoka chini ya gari mweusi kwa grisi. Akanitazama, akatazama chungu, akatazama pipa la dizeli, na hapo na mimi nikaliona.

"Mama," alisema polepole, "nimelala kwenye matope kwa ajili ya jiko lako?"

Nikaomba radhi, nikaeleza habari za shangazi. Nilipofika kwa waumini wa kwanza alinyoosha mkono kunizuia. "Hao waumini wa kwanza walisafiri kwa miguu. Mwaga huo moto upande, au shuka nao."

Abiria waligawanyika. Wengi walisema mwaga, kiberiti kipo kila duka. Mzee wa kikohozi cha gari alisema moto wa mtu haumwagwi kama maji machafu. Mwashi naye akaanza kunionea huruma, akasema kwao pia nyanya yake alikuwa na moto wa namna ile. Mimi nilikuwa nimeshika chungu, na sijui kiburi kilitoka wapi. Imani sikuwa nayo, lakini nilikuwa nimeshaubeba, na niliona kigoda cha shangazi kikiwa barazani. Nikashuka. Lori likaondoka na gunia la mchele nililomnunulia shangazi mjini, ambalo nililisahau kwa hasira, na hadi leo sijui nani alilila.

Rungwe Mpya

Nilitembea nikiwa na chungu kichwani, wingu likinifuata nyuma. Nilifika kwenye maduka mvua ikianza kudondoka, nikakimbilia baraza la mgahawa wa chai. Mwenyewe ni mwanamke wa Kiislamu aitwaye Bi Zuhura, mzaliwa wa Ujiji, aliyeolewa na mwenye duka la pembeni. Alikuwa ameinama juu ya jiko akikwangua njiti baada ya njiti. Paa lilikuwa limevujia kasha lote la viberiti dukani, na wateja walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakingoja chai, wakimtania.

Aliona moshi wangu kabla hajaniona mimi. "Dada, karibu. Naona umekuja na kitu ninachokitafuta. Nigawie kidogo."

Nitawaambieni nilichowaza. Niliwaza kwamba nimeshushwa garini kwa ajili ya moto huu, nimepoteza mchele kwa ajili ya moto huu, na sasa niutumie kuchemshia watu chai. Kaa lenyewe lilikuwa limepungua, lingetosha kugawanywa mara moja tu. Lakini maneno ya Bibi Yustina yalikuwa bado mabichi masikioni. Nikafunua majivu, nikamkatia nusu, tena nikajitahidi isiwe nusu kubwa. Nikamwambia majina harakaharaka huku nikiona haya, kwa kuwa nilidhani atanicheka.

Hakucheka. Alisema, "Kwetu pia moto haunyimwi, wala maji, wala chumvi. Sasa na mimi nisemeje?"

"Turi kumwe."

"Turi kumwe," alisema, akapuliza, na jiko likashika.

Mvua ilinyesha kwa fujo. Nikapewa chai ya tangawizi na maandazi ya moto, nikapewa kanga kavu, nikapewa na habari za ndoa ya kila mtu wa Rungwe Mpya. Walinilaza chumba cha watoto wao wa kike. Chungu nilikiweka ukumbini, mbali na mlango, penye usalama kabisa.

Asubuhi nilikiinua kikawa kizito. Paa lile lile lililovujia viberiti lilikuwa limevujia chungu. Ndani kulikuwa na uji mweusi wa majivu. Nilitia mkono hadi chini nikitafuta hata chembe ya joto, nikatoa matope baridi.

Nilikaa pale pale chini nikalia, mwanamke mzima. Kesho yake ulikuwa mkesha wa Pasaka. Kurudi Kitanga kusingewezekana. Nilikiona kigoda cha shangazi, nikajiona nikifika mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba jambo lile lilikuwa limeshaniingia, halikuwa tena la shangazi peke yake. Nilijisikia mpweke kwa namna ambayo siwezi kuieleza, kama vile watu wengi waliokuwa wakitembea nami wameniacha njiani.

Bi Zuhura alikuja mbio akidhani nimeumwa na kitu. Nilipomwonyesha chungu alinitazama kwa mshangao.

"Sasa unalia nini? Si moto wako huo jikoni? Jana niliufukia majivuni, saa hizi umenichemshia birika nzima."

Nikanyanyuka. Kwenye mafiga makaa yalikuwa mekundu, na birika linapiga kelele. Ile nusu niliyoitoa kwa choyo ndiyo iliyobaki. Ile niliyojiwekea ndiyo iliyokufa.

Alinikaushia chungu mwenyewe, akanitafutia kinyesi kikavu kwa jirani, akanichagulia makaa mazuri, mengi kuliko niliyomgawia. Kisha akapiga magoti kama nilivyofanya mimi, akasema kwa lafudhi yake ya Ujiji, "Mimi Zuhura nilipewa na huyu dada. Turi kumwe."

Kupitiliza hadi Kibondo

Shemeji wa Bi Zuhura alikuwa na Land Rover inayokwenda Kibondo, isiyo na pipa la dizeli, nilikagua. Nilikuwa nimepanga kushuka Busunzu, lakini tulipokaribia, barabara ilikuwa utelezi mtupu mlimani. Dereva alisema akisimama pale hataondoka tena mpaka kiangazi. Akapita Busunzu kwa kasi. Niliwaona watu barabarani wakinipungia mkono, wakidhani nasalimia, na mimi nilikuwa napiga kelele nishushwe. Nikalala Kibondo kwa ndugu zake Bi Zuhura, na moto ukalala jikoni kwao.

Asubuhi ya Jumamosi niliyarudisha makaa chunguni, nikaenda nayo sokoni kutafuta magunzi. Niliona aibu kuomba takataka, kwa hiyo nikajifanya nanunua mahindi. Mwanamke mmoja wa Kirundi aliyetoka kambini, anayeuza ndizi mbivu, alikitazama chungu changu, kisha akaacha biashara yake akaja kuchutama mbele yangu. Aliweka viganja juu ya lile tundu la kupumua.

"Mama, huu umetoka wapi?"

"Kitanga."

"Na kabla ya Kitanga?"

Nikamwambia Skolastika aliuvusha mpakani. Hakumjua Skolastika, wala mimi simjui. Lakini aliniambia kwamba kwao mama yake alikuwa na moto wa majina, na siku ya kukimbia hakuna aliyekumbuka kubeba. Hakulia. Alitabasamu kama mtu aliyekutana sokoni na ndugu wa kijiji chake. Safari hii sikungoja kuombwa. Nilimpa kaa kwenye kigae, akaniwekea ndizi mapajani, akaondoka akiukinga upepo kwa mtandio. Ndizi nilizila zote njiani, nikiwa nyuma ya baiskeli ya kukodi iliyonirudisha Busunzu, na nilijisikia vizuri kuliko nilivyowahi kujisikia kanisani. Mtanisamehe kwa kusema hivyo.

Busunzu

Tulifika jua likianza kulegea. Shangazi alikuwa barazani kwenye kigoda chake, macho yamekwisha kabisa nguvu. Kabla sijasema hodi aliinua pua.

"Kinyesi cha ng'ombe na gunzi," alisema. "Umefika, mwanangu."

Wanawake wenzake wa sala walikuwa wamekusanyika kwa ajili ya mkesha. Mkwe wake, maskini, alikuwa amekwisha kuzima lile jiko la kiberiti na kufagia mafiga. Tukaingia jikoni wote, shangazi nikimshika mkono. Alipiga magoti, akanyoosha viganja, akaniuliza kama desturi inavyotaka:

"Umepewa na nani?"

Njia nzima nilikuwa nimejiuliza nitajibuje. Kusema Yustina kungekuwa rahisi, na asingejua mtu. Lakini niliambiwa nisiruke mtu.

"Nimepewa na Zuhura, Shangazi. Anauza chai Rungwe Mpya." Nikaeleza yote, lori, mvua, uji mweusi chunguni.

Mke wa katekista, ambaye ni mama mwema lakini hupenda mambo yakae kwenye mstari, alisema, "Kwa hiyo huu ni moto wa mgahawa wa Waislamu. Shangazi Marita, huu utakuwaje ule?"

Shangazi alinigeukia mimi.

"Ulipolia, huyo Zuhura alifanya nini?"

"Alinikaushia chungu."

"Na kabla ya hapo? Ulipofika na mvua?"

"Alinipa chai. Akanipa kanga kavu, akanilaza na binti zake."

Shangazi alitikisa kichwa taratibu akiwa na ile sura yake ya kusikiliza watu wasioonekana. "Wale wa kwanza nao waliishi kwa namna hiyo," alisema. "Walipokelewa kwenye nyumba za watu. Mlete Zuhura aingie."

Nikaweka makaa kwenye mafiga. Akapuliza mwenyewe, mashavu yake makavu yakijaa na kupwaya, mpaka majani yakashika na joto likamfika usoni. Ndipo akaanza kutaja.

"Wale waliokuwa chumbani wakiogopa. Turi kumwe." Wanawake wakaitikia. Alianzia mbali, akashuka, mtu ambaye jina lake Mungu analo, na mwingine, na mwingine. Niliyekuwa nikiumwa mgongo Kitanga, sasa sikutaka amalize. Nilikuwa nikiwaona, watu wa mvua na matope, kila mmoja na chungu chake, na hofu ya kuzimikiwa. Mama mkwe wa Skolastika. Skolastika. Pelajia. Yustina. Halafu shangazi akanitafuta kwa mkono hadi akanipata bega.

"Yustina alimpa binti wa kaka yangu," alisema, akanitaja jina langu la ubatizo, ambalo tangu baba afe hakuna aniitaye.

Wanawake wote wakasema, "Turi kumwe." Hata mke wa katekista.

"Na binti wa kaka yangu alimpa Zuhura."

"Turi kumwe."

"Na Zuhura alimrudishia."

Wanawake wakaitikia kabla yangu. Shangazi alingoja, mkono wake bado begani kwangu, mpaka na mimi nikaitikia. Kisha akaagiza kigoda chake kitolewe barazani kiletwe mahali pake karibu na mafiga, akakaa, akauliza kama maharage yameshachaguliwa.

Nilirudi Kasulu na chungu changu mapajani, na safari hii nilimwambia dereva mapema. Kwa hiyo jirani zangu, hakuna dhehebu jipya. Aliyezimikiwa aje na kigae chake, hata wewe Mama Anastazia. Mlango wa jikoni haufungwi, na moto haunyimwi. Ila mtakaa kidogo, kwa sababu nitaanza na wale wa chumbani, na sitaruka mtu.